Dada Tiketi na Sindano wa Disko Kimulimuli

"Samahani, naongea na Dada Tiketi?"

Mguu wa fundi ukaganda juu ya pedali ya cherehani. Alikuwa katikati ya kushona mkono wa sare ya muuguzi, simu ameibana kati ya bega na sikio, na jina hilo hakuna aliyewahi kumwita kwa miaka ishirini na saba.

"Umekosea namba," akasema.

"Sidhani, mama. Nimepewa na binti wa kaka yako. Mimi ni mtangazaji wa redio. Tunaandaa kipindi cha historia ya Disko Kimulimuli, na kuna mtu kaniambia nisithubutu kukirusha bila wewe."

"Mimi ni fundi cherehani, mwanangu. Mambo ya disko siyajui."

"Mtu mwenyewe ni Sindano."

Fundi akakata simu. Akabaki ameitazama sindano ya cherehani, kana kwamba kuna mtu kafungua mlango nyuma yake.

Kwa wasioijua, Kimulimuli ilikuwa ghala la magunia kabla mwenye disko hajamwaga sakafu mpya, akaisugua hadi ikang'aa, akatundika mpira wa vioo katikati ya dari. Ndipo akamleta kijana mmoja mwembamba asiye na maneno mengi, akamsimamisha nyuma ya santuri. Watu wakambatiza Sindano. Hakuwa na tabia ya kupayuka kwenye kipaza sauti kama madijei wengine. Alichofanya, muziki ukishakolea, alishusha sauti ghafla hadi ukumbi mzima ukasikia soli za viatu vya watu mia tatu zikikwaruza sakafu kwa pamoja, kisha akairudisha kwa kishindo. Watu walisafiri kutoka miji mingine kwa ajili ya dakika ile moja. Waliapa kwamba jamaa ana dawa, anasoma mioyo.

Dawa yenyewe ilikuwa imekaa kwenye chumba cha tiketi.

Chumba kile kilikuwa na tundu dogo tu, huoni sura ya mtu, unaona mikono. Binti wa tiketi alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kwa kukaa pale aliijua mikono kuliko nyuso. Ipo iliyolowa jasho, ipo iliyonuka sabuni ya kazini, ipo inayogongagonga mbao kwa haraka. Kila siku, ukumbi ukishajaa nusu, alinyanyua simu ya ndani iliyounganishwa kwa waya hadi kibanda cha santuri.

"Leo mikono imechoka. Anza polepole, usiwakimbize."

"Sawa, bosi."

"Leo wana kiherehere. Wape cha kuruka hapo hapo."

"Sawa, bosi."

Uchumba wao ulikulia kwenye waya ule, mwaka mzima, hadi siku moja simu ikalia upande wake.

"Na yako wewe leo ikoje?" Sindano akauliza.

"Mikono yangu? Imejaa wino wa tiketi."

"Basi inawe vizuri. Jumapili nakuja kwenu kujitambulisha."

Jumapili hiyo haikufika. Jumamosi, wakati wa disko la mchana, waya wa taa uliungua darini na moshi ukashuka kama blanketi. Watu wote wakakimbilia mlango wa mbele. Ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa umetundikwa msumarini kwenye chumba cha tiketi. Binti akauchomoa, akajitosa, akasukumwa, akaanguka, akasimama, akasukumwa tena. Hakuufikia mlango. Baunsa ndiye aliyeuvunja kwa benchi kutoka ndani. Na hapo nje, kwenye kokoto, binti wa tiketi akamwona msichana wa miaka kama kumi na sita akipitishwa mbele yake mikononi mwa watu, hajitingishi, macho yamefumbwa, amefunikwa hadi kidevuni.

Jioni ile ile alikuwa nyumbani kwa kaka yake, mwalimu mkuu. Wiki moja baadaye kaka akamkalisha chini.

"Sikiliza kwa makini. Yule binti ameshazikwa. Na huyo mpiga santuri wako amekutaja polisi kwamba ufunguo ulikuwa kwako. Usiandike barua, usimtafute mtu. Kuna mama namjua mji mwingine, anafundisha ushonaji. Utaondoka kesho."

Akaondoka. Ndiyo hivyo mtu alivyokuja kuwa fundi cherehani.

Simu ikatoa mlio. Ujumbe.

"Mama, samahani kama nimekutonesha. Kuna jambo unapaswa kulijua kabla kipindi hakijaenda hewani. Naomba unipigie, hata dakika mbili."

Fundi akaugeuza uso wa simu chini. Akakata kitambaa, akakikata upande usiofaa. Akakitupa, akachukua kingine, akakikata vibaya vilevile. Hadi saa saba mchana alikuwa ameharibu vipande vitatu, jambo ambalo hata wanagenzi wake wa mwanzo hawakuwahi kulifanya. Akafunga mlango wa duka, akapiga.

"Sema."

"Asante, mama. Naomba kwanza nikuulize. Uliondoka kwa nini?"

"Si umeshaambiwa?"

"Hakuna anayejua. Hata Sindano hajui."

Jibu la swali hilo fundi hakuwahi kumwambia mtu yeyote, na sasa anamwambia sauti ya redio.

"Mwanangu, kuna mtoto wa watu alikufa mle ndani. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Sikufika."

"Alikufa nani?"

"Yule msichana. Nilimwona kwa macho yangu akitolewa. Wamemfunika mwili mzima."

"Wamemfunika kwa pazia la kijani?"

Fundi akashika ukingo wa meza. "Umejuaje?"

"Walinifunika kwa sababu gauni lilikuwa limechanika lote mgongoni. Baunsa alinionea haya, akang'oa pazia la mlangoni. Nilikuwa nimezimia. Mfupa wa bega ulivunjika, nikalazwa siku tisa, nikarudi shule. Ni mimi, mama. Nipo."

Fundi alikaa chini, sakafuni, katikati ya vipande vya nguo.

"Sema tena."

"Nipo."

"Sema kitu kingine. Chochote."

"Nina watoto wawili. Wa kwanza ana ubishi, hata saa ya ukutani anabishana nayo. Bega linaniuma kukiwa na baridi. Jana nimeunguza chai."

"Umeunguzaje chai?"

"Nilikuwa nasikiliza kanda za Sindano."

Fundi akaanza kucheka, na kicheko hakikumaliza safari, kikageuka kilio katikati. Mtangazaji hakumwambia anyamaze. Alimsubiri tu, anapumua, na kwa fundi pumzi zile zilitosha.

"Kwa hiyo nani alikufa?" akauliza alipoweza.

"Hakuna. Hata mmoja. Na ufunguo wako usingefungua kitu. Mwenye disko alikuwa ametia kufuli la pili kwa nje siku moja kabla, kuzuia wanaoingia kwa mlango wa nyuma. Sindano ndiye aliyelionyesha kwenye uchunguzi. Kimulimuli ikafungwa miezi minane, ikafunguliwa na milango mitatu mipana. Akapiga santuri miaka kumi na mmoja mingine."

"Niliambiwa amenitaja polisi."

"Alikutaja, kweli. Alisema watu mia tatu walikimbilia mbele, na mtu mmoja tu ndiye aliyekimbilia nyuma kuwafungulia wenzake. Dada wa tiketi. Mama, alikuja kukutafuta. Mara mbili. Kaka yako akamwambia umeolewa na una mtoto."

Simu iliyofuata ilikuwa fupi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona sauti yako hivyo?"

"Sindano alikuja kwako?"

Mzee alikuwa amestaafu ualimu, amezoea kujibu maswali magumu ya wazazi wa watu, lakini hili lilimchelewesha.

"Alikuja."

"Akakuambia yule msichana ni mzima?"

"Aliniambia."

"Na mimi ukaniambia amezikwa."

"Wakati nakuambia nilikuwa nimesikia hivyo sokoni. Alipokuja yeye na ukweli wake, amevaa koti linalong'aa kama sufuria mpya, nikajiuliza huyu atampeleka wapi dada yangu. Nikamdanganya. Nikasema nitakueleza mwezi ujao. Ukaja mwezi, ukaja mwaka. Uongo ukazeeka pamoja nami, nikakosa pa kuanzia."

"Miaka ishirini na saba, kaka."

"Najua. Binti yangu aliposikia redioni unatafutwa, akaniuliza kama ni shangazi yake. Mimi ndiye niliyemwambia atoe namba yako. Mdomo wangu ulishindwa, nikaona basi waseme wengine."

Hasira ya fundi ilikuwepo, tena ya kutosha, lakini ilikuwa imekaa kwenye kiti cha nyuma. Mbele alikuwa amekaa msichana mzima mwenye watoto wawili.

"Sikusamehe leo," akasema. "Ila usizime simu yako Jumapili. Nitapiga."

"Nitakuwa nayo mkononi," mzee akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Siku ya pili ujumbe ukaingia kutoka namba ngeni.

"Ni mimi. Nije?"

Fundi aliandika, akafuta, akaandika, akafuta. Mwishowe akatuma: "Njoo. Ila nimenenepa."

Jibu likarudi kabla hajaiweka simu mezani. "Sikio langu la kushoto limekufa kwa spika. Tutalingana."

Alifika saa nne asubuhi, kipara kinang'aa, shati limepigwa pasi hadi mstari wa mkono ungeweza kukata mkate. Wembamba ulikuwa ule ule. Akasimama kizingitini, hajui aweke wapi mikono.

"Hodi."

"Karibu. Kaa kulia kwangu... hapana, huo ni upande wa sikio bovu. Hamia huku."

Akahamia. Wakatazamana, kila mmoja akimtafuta yule wa zamani ndani ya huyu wa sasa, na wakampata bila shida kubwa.

"Nilioa," Sindano akaanza, kama mtu anayetoa vitu mfukoni aviweke mezani vyote. "Mwaka wa nne tukaachana kwa heri. Alisema amechoka kuishi na mtu ambaye mlango ukigongwa anaruka yeye kwanza. Sina mtoto. Natengeneza vikuza sauti vya watu. Wewe?"

"Posa tatu nilizikataa. Nilijiona mtu aliyeua mtoto wa watu hana haki ya kupigiwa vigelegele."

Sindano akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Ungenitafuta ukaniambia hivyo hivyo, ningekujibu hapo hapo kwamba hajafa."

"Ningejuaje utakachojibu? Niliambiwa umenitaja."

"Nilikutaja kila mahali. Polisi, uchunguzini, kwa watu waliokuja kuniuliza nasomaje mioyo. Nimesema na redioni juzi, wamerekodi. Nimewaambia mimi nilikuwa nageuza santuri tu. Aliyekuwa anaupiga ukumbi ni msichana wa tundu la tiketi."

"Watakucheka."

"Wacheke. Umri huu nicheke nao."

Fundi akainama kuokota uzi usiokuwepo. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa unatabasamu.

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nina nyumba ya vyumba viwili. Imejaa spika. Nitazitoa."

"Uzipeleke wapi?"

"Hapa kwako pana nafasi."

"Wewe unaniposa au unahama?"

"Vyote viwili," Sindano akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mikono yake ikatulia.

Fundi alitaka kujibu, badala yake akapiga mwayo mkubwa, akauziba kwa kiganja kwa aibu.

"Nisamehe. Si kwamba unachosha. Tangu nilipoongea na yule binti usingizi unanichota kama mtoto mchanga. Nikikaa, nimelala. Nikisimama, nimeegemea."

"Basi lala."

"Na jibu la posa yako?"

"Nimesubiri zaidi ya hapo. Lala."

Akajinyoosha kwenye benchi la wateja, kichwa juu ya bunda la vitambaa, na kabla Sindano hajamaliza kumfunika miguu kwa kipande cha pamba, pumzi zake zilikuwa zimeshaingia mwendo. Sindano akasogeza kiti mlangoni, akakaa kama mlinzi.

Haukupita muda mama mmoja akaja amebeba kitambaa cha suti ya mumewe.

"Fundi yupo?"

"Amelala, mama. Naomba urudi alasiri."

"Amelala? Fundi huyu? Miaka yote namjua, sijawahi kumkuta hata ameegemea ukuta." Akamkagua Sindano kuanzia kipara hadi viatu. "Na wewe ni nani?"

Sindano akakuna shingo. "Kwa kweli, mama, hata mimi bado sijaambiwa. Nasubiri aamke."

Kutoka kwenye benchi, macho yakiwa yamefumbwa, sauti nzito ya usingizi ikasema:

"Mwambie wewe ni mchumba wangu. Na aongee polepole, bado sijamaliza kulala."