Siku Fundi Viatu Alipopimwa Akili

Karakana ya fundi viatu ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Ina meza moja, cherehani moja na kiti cha mteja. Kila jioni, kabla mlango haujafungwa, binti yake wa miaka minane hupanga vifaa mezani. Kisu hukilaza juu ya ngozi. Sindano huiweka na uzi. Nyundo huiweka kando ya kopo la misumari. Asubuhi baba akikaa, mkono wake unakuta kila kitu bila kutafuta.

"Huyu ndiye meneja," fundi huwaambia wateja. "Mimi nimeajiriwa tu."

Nyumbani binti huyo walimwita Taratibu, kwa sababu hakuwa na haraka hata chembe. Baba ndiye aliyemzoesha hivyo. Ngozi ikishakatwa vibaya haina dawa.

Familia hii ilihamia mjini miaka miwili iliyopita. Walizungumza lugha yao, na mtaani hapo walioielewa ni wachache. Katika lugha ya shule, Taratibu alikuwa bado anajikongoja.

Siku moja alirudi na barua. Fundi aliisoma mara mbili. Watoto wote wa darasa la pili walikuwa wamepimwa akili, na Taratibu alipata alama za chini sana. Muhula ujao angehamishiwa darasa la watoto wenye uelewa mdogo. Watoto wa darasa hilo hawafanyi mtihani wa kumaliza shule. Mzazi alitakiwa kutia saini kabla ya Ijumaa.

Fundi alichukua kalamu.

"Wao ndio wasomi," alisema. "Sisi tutabishana nao kwa lipi?"

Mkewe aliivuta barua. "Baba watoto, mteja akiona kiatu kimeharibika, anakuuliza umekosea wapi. Leo unaambiwa mtoto wako ana kasoro, nawe huulizi?"

Nampenda sana mama huyu. Aliishia darasa la nne, lakini swali lake lilikuwa na akili kuliko barua nzima.

Kesho yake walikwenda shuleni wote wawili. Walipokewa na mpimaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Ofisi ya elimu ndiyo iliyomtuma kupima watoto. Aliwapa viti.

"Tunaomba kujua mtoto alikosea wapi," alisema fundi.

Mpimaji alitoa kadi tisa zenye picha. Kulikuwa na kisu, sindano na brashi. Kulikuwa na mkate, chungwa na nanasi. Kulikuwa na shati, kofia na kiatu.

"Aliambiwa aweke pamoja vitu vinavyokwenda pamoja. Alipewa dakika mbili."

"Naomba na mimi nijaribu," alisema fundi. "Nione ugumu wake."

Alizitazama kadi zote kabla ya kugusa hata moja. Kisha akaweka kisu pamoja na mkate, chungwa na nanasi. Sindano akaiweka na shati na kofia. Brashi akaiweka na kiatu.

Mpimaji alivaa miwani yake. Alitazama karatasi ya Taratibu, akatazama meza, akarudi tena kwenye karatasi.

"Mtoto wako alipanga hivihivi."

"Na amekosea?"

"Jibu lililoandikwa ni vifaa peke yake, vyakula peke yake, mavazi peke yake."

Fundi alishangaa kweli. "Kisu kikae na brashi? Vifanye nini pamoja? Basi niandikie barua na mimi, mama. Nitakaa dawati moja na binti yangu."

Mpimaji alicheka, kisha akavua miwani.

"Baba, mama, nisikilizeni," alisema. "Kipimo hiki kilitungwa kwa watoto waliozaliwa ndani ya lugha ya shule. Watoto waliozoea michezo ya kadi na kujibu harakaharaka. Mtoto wenu kimempima lugha na mazoea. Akili yake hakijaigusa. Kujifunza lugha mpya si ujinga. Tena, mtoto hapaswi kuhamishwa darasa kwa kipimo kimoja."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza mama.

"Msitie saini. Mna haki ya kuomba apimwe upya, kwa lugha anayoielewa vizuri. Na mimi nilipaswa kujua kwanza mnazungumza lugha gani nyumbani. Nimekosa. Naomba radhi."

Si kila mwenye ofisi anaweza kutamka maneno hayo. Mpimaji aliyatamka, tena akiwatazama machoni.

Wiki iliyofuata alikuja karakanani. Alifuatana na nesi wa zahanati, aliyejua lugha ya familia ile, ili atafsiri. Saa aliiacha mkobani.

Taratibu alizipanga kadi kama mwanzo.

"Kwa nini umepanga hivi?" aliuliza mpimaji.

"Hivi ndivyo mtu anayefanya kazi anavyoviweka."

"Kuna njia nyingine?"

Mtoto alizitazama kadi moja moja. Fundi alitaka kufungua mdomo. Mkewe akamkanyaga mguu.

Taratibu alizikusanya kadi. Akaweka vifaa peke yake, vyakula peke yake, mavazi peke yake. "Hivi ndivyo mwenye duka anavyoviweka," alisema. Kisha, bila kuulizwa, akatenga kisu, sindano na nanasi. "Na hivi ni vya kuomba ruhusa kwa mtu mzima kabla ya kushika. Vinachoma."

Nesi alisahau kutafsiri kwa kucheka.

Mpimaji alimpa maswali mengine mengi asubuhi ile. Alipomaliza, aliandika kwamba Taratibu abaki darasani kwake, na afundishwe lugha ya shule nusu saa zaidi kila siku. Halafu akayafungua upya majalada ya watoto kumi na mmoja wanaozungumza lugha nyingine nyumbani. Wote aliwapima tena. Saba walibaki madarasani kwao. Wanne walihitaji msaada kweli, nao wakaupata, kila mmoja kwa shida yake.

Mwisho wa mwaka Taratibu alikuwa wa tatu katika hesabu. Mpimaji alileta kiatu kilichoachia soli, akaketi kwenye kiti cha mteja. Safari hii hapakuhitajika mtafsiri.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Taratibu. "Ile mara ya kwanza nilikosea maswali mangapi?"

"Marahaba. Wewe nilikuhesabia makosa mengi. Lakini aliyekosea ni mimi. Sikukuuliza kwa nini."

Mtoto alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Lakini ulirudi ukaniuliza," alisema. "Basi umefaulu."