Aliyefungiwa Chumba cha Umeme

Kitu cha kwanza kilikuwa kidogo. Mkunga aliingia chumba cha kujifungulia asubuhi, akainua mkono awashe taa, na taa ikawaka kabla kidole hakijagusa swichi. Akaizima. Akainua tena mkono, polepole kama anayemvizia nzi, na taa ikamtangulia tena.

Hakumwambia mtu. Zahanati ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa: chini wazazi na vichanga, juu yeye na mumewe wakiishi, na kila akiba ya ndoa yao ilikuwa imeingia kwenye kuta zile. Lakini wiki hiyo ilikuja harufu ya unywele ulioungua, ikitokea chini ya ngazi, penye chumba cha umeme. Ndipo akampigia simu mdogo wake wa kike, ambaye ni injinia wa umeme wa majengo.

"Mdogo wangu, njoo uniangalizie huu umeme."

"Umefanyaje?"

"Njoo tu. Kwenye simu siwezi."

Injinia alilijua jengo lile vizuri, kwa kuwa umeme wake aliupanga yeye. Bodi kuu, sanduku la kugawa umeme wa jengo zima, aliichagua mwenyewe: kila chumba na laini yake, breka ya kukata umeme mara tu mtu akinaswa, kifaa cha kumeza umeme wa kishindo radi ikipiga, na waya mnene wa kupeleka hatari ardhini. Juu ya kila laini alitaka kipimo, na vipimo vyote visomeke kwenye skrini ya mapokezi. Kisha akaitwa kazi ya mbali, na ununuzi ukasimamiwa na shemeji yake, mume wa mkunga.

Shemeji huyo mtaa mzima ulimwita Nafuu. Hakuna kitu alichowahi kununua kwa bei ya kwanza, na alijisifu kwamba hata mahari aliomba apunguziwe, akapunguziwa.

Injinia alianzia mapokezi. Skrini ilikuwepo, inang'aa. Laini ya mwisho, ambayo haikupewa jina kwa sababu haikupewa kazi, ilikuwa inakula umeme. Haikula mfululizo. Ilipanda ghafla mara kadhaa, ikatulia, ikapanda tena, kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi, akapumzika, akapiga tena.

Akashuka chini ya ngazi na kufungua chumba. Alipoiona bodi, damu ikampanda kichwani. Haikuwa yake. Ilikuwa sanduku kubwa la chuma lililopakwa rangi ya kijivu juujuu, rangi yenyewe bado inanuka. Akaikwangua kwa bisibisi, na chini yake akakuta masizi. Kifaa cha kumeza kishindo hakikuwepo. Waya wa ardhini ulikuwa umefungwa kwenye skrubu moja iliyolegea, kama kamba ya mbuzi. Akatafuta breka ya ile laini ya mwisho na kuifungua: haikuwa na waya hata mmoja.

Akaufunga mlango wa sanduku na kuuwekea kiganja. Ulikuwa unatetemeka, na ndani yake kulikuwa na mvumo. Injinia alikuwa amesikia mivumo ya bodi maisha yake yote. Huu ulikuwa wa mtu anayelia huku amefunga mdomo.

Alimkuta Nafuu kwenye veranda ya juu, ananyoa ndevu kwa kioo cha pikipiki.

"Shemeji, bodi niliyochagua iko wapi?"

"Si hiyo hapo chini?"

"Hiyo si yangu."

"Bodi ni bodi, shemeji. Chuma ni chuma. Hiyo ni ya zamani, vyuma vya zamani vilikuwa na afya. Na vipimo nilinunua, vipya kabisa."

"Ulinunua kwa sababu skrini inaonekana na wageni."

Nafuu akacheka kidogo. Injinia hakucheka.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Shemeji, umekuja kutengeneza au umekuja kuhoji?"

Akakigeukia kioo chake. Injinia alibaki amesimama, meno yameumana, akimtazama mtu mzima akijinyoa juu ya chumba ambamo vichanga wanapashwa joto na waya uliolegea. Alimwambia dada yake azime kila kitu, na kwamba kesho ataleta bodi nyingine hata kama ni ya kukopa. Mkunga akamwonyesha kwa macho mlango wa chumba cha kujifungulia. Ndani kulikuwa na mama ambaye uchungu ulikuwa umeshakolea.

"Huyu hahamishiki," alinong'ona. "Tumzalishe kwanza."

Mchana ule mawingu yalikuja haraka. Radi ya kwanza ilipiga mbali. Ya pili ilipiga jirani, na mashine ya kupasha vichanga ikapasuka kwa mlio mkavu na kutoa moshi. Bahati nzuri haikuwa na mtoto ndani. Taa zote zikazimika, isipokuwa ile ya chumba cha kujifungulia, iliyozidi kuwaka ikawa nyeupe ya kuumiza macho. Na kutoka kwenye kipaza sauti cha ukutani, kile ambacho wagonjwa humwitia mkunga, ikatoka sauti ya mwanamume.

"Nifungulieni."

Mama aliyekuwa kitandani akamshika mkunga mkono. "Nani huyo?"

"Sukuma, mwanangu. Usimsikilize."

"Anaungua. Si unasikia anaungua?"

"Sukuma."

Injinia alikuwa ameshafika chini ya ngazi. Moshi hakuuona, lakini harufu ya unywele ilimjaa mdomoni mpaka akahisi anaitafuna, na mbele ya macho yake rangi ya kijivu kwenye mlango wa sanduku ikaanza kuvimba, ikatoa malengelenge kama ngozi, malengelenge yakajipanga yakawa vidole, vidole vikawa kiganja, na kiganja kile kilikuwa kinasukuma kutokea ndani. Akaufungua mlango, akaikamata swichi kuu na kuivuta chini, nayo ikashuka nusu ikasimama, si kwa kukwama, bali kwa kushikwa, kwa sababu alipovuta ilivutwa, alipopumzika ilipumzika, na alipoiweka mikono yote miwili na mguu ukutani alihisi upande wa pili mtu mwenye nguvu kuliko yeye na hasira kuliko yeye, na sauti ikamwambia karibu kabisa na sikio, bila kupandishwa, "Si wewe."

Akaiachia swichi. Akakimbia nje kwenye mvua, akapanda juu ya pipa, akang'oa fyuzi za kwenye nguzo kwa glavu zake nene. Jengo zima likawa giza.

Na ndani ya jengo lile lisilo na umeme hata wa kuwasha njiti, kipaza sauti kiliendelea kuomba. Nifungulieni. Nifungulieni. Mtoto alizaliwa kwa mwanga wa simu, wa kike, mzima, na sauti yake ilipotoka ile nyingine ikanyamaza.

Mganga aliletwa siku iliyofuata. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mchache wa maneno, aliyekataa kiti na kukataa chai. Alisimama mbele ya sanduku, akaliinamia kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa, kisha akamtazama Nafuu.

"Hili ulilitoa wapi?"

"Sokoni."

"Nitauliza mara moja tu nyingine. Halafu naondoka, nakuachia."

Nafuu akatazama viatu vyake. Mkewe alikuwa nyuma yake, mikono kifuani.

"Kwa mwenye karakana ya nguo," akasema. "Ile iliyoungua."

"Nani alifia humo?"

"Fundi wake wa umeme. Mwenye karakana alikuwa anakifunga chumba cha umeme kwa kufuli kwa nje, mafundi wakiwa ndani, wasiibe nyaya. Moto ulipoanza, yeye alikimbia na ufunguo."

Injinia akarudi nyuma hatua moja, mbali na sanduku.

"Ulilijua hilo," mkunga alimwambia mumewe. "Ulilijua, ukapaka rangi."

"Nilijua mtu amekufa. Watu si wanakufa kila mahali?"

Mganga akavua miwani, akaifuta. "Humu kuna jini. Alikuwepo pale siku ile, akamkuta mtu anakufa na hasira ambayo haina pa kwenda. Akaivaa. Sasa hana nyingine isipokuwa hiyo. Siwezi kumfukuza. Anayemtaka si nyinyi, na anayemtaka hayupo hapa. Ling'oeni. Likatwe vipande, kila kipande kizikwe mbali na mwenzake. Lisiwashwe tena penye watu. Umenisikia, bwana?"

"Nimesikia."

Liling'olewa siku hiyo hiyo. Nafuu mwenyewe alilipakia kwenye kigari, akaondoka nalo kwenda kulikata. Injinia aliweka bodi aliyoichagua tangu mwanzo, akakaza waya wa ardhini mpaka mikono ikamuuma, akafunga kifaa cha kumeza kishindo, akapima laini moja moja. Harufu ikaisha. Wazazi wakaanza kurudi.

Ilikuwa mezani, mchana wa siku ya mapumziko, Nafuu alipojisahau. Shibe ilimlegeza ulimi. Alisema zahanati imemtoa jasho, lakini afadhali lile sanduku halikupotea bure.

Mkewe aliweka kijiko chini. "Halikupotea vipi?"

"Aa, basi."

"Ulilipeleka wapi?"

Nafuu akamtazama Injinia, akakosa msaada. "Kuna bweni la wasichana walikuwa wanatafuta. Nimelipaka upya, jamani. Mbona mnanitazama hivyo?"

Mkunga hakupiga kelele. Alinawa mikono, akafuta kidole kimoja kimoja, akachukua ufunguo wa gari. "Simama," alimwambia. "Twende."

"Mke wangu, nimekaa nakula..."

"Nimekwambia simama."

Injinia alikuwa amemfahamu dada yake tangu wakilala kitanda kimoja, na hakuwahi kumsikia akitumia sauti ile. Nafuu akasimama. Wakapanda gari wote watatu.

Bwenini, matroni aliwapokea getini akiwa na sura ya mtu ambaye hajalala vizuri. Alisema wasichana wamehamishia magodoro uani, na kwamba wanadai kuna mwanamume ukutani anaomba afunguliwe. Alikuwa amewachapa wawili kwa kusema uongo. Jana akamsikia mwenyewe.

Chumba cha umeme kilikuwa mwisho wa ukumbi. Waliisikia harufu kabla ya kufika. Mkunga akamsukuma mumewe mbele, kiganja mgongoni.

"Wewe ndiye uliyelifunga humu. Lifungue."

"Mimi sikumfungia mtu."

"Fungua."

Nafuu akanyoosha mkono. Alipolishika komeo, mvumo ukakatika, na sauti ikatoka mle ndani, tulivu, ya mtu anayeuliza njia.

"Unamjua mwenye ufunguo?"

Midomo ya Nafuu ilicheza. "Namjua."

"Anapokaa unapajua?"

"Napajua."

"Basi nifungulie."

Nafuu alifungua. Mlango wa chuma uligeuka bila mlio, na ndani hakukuwa na kitu, breka tu na nyaya. Lakini alipogeuka kuwatazama, mkunga alirudi nyuma mpaka akamkanyaga mdogo wake. Uso ulikuwa wa mumewe. Yaliyokuwa yanatazama kutokea ndani yake hayakuwa macho ya mume wa mtu. Aliwapita kwa adabu, akisema "samahani" kwa matroni aliyekuwa njiani, akatembea ukumbi wote wa bweni akifungua kila mlango alioukuta na kuuacha wazi, akatoka getini, akashika barabara juani.

"Mwite," Injinia alinong'ona.

Mkunga alitazama ule mgongo ukipungua. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nimwite nani?" akasema. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Zima umeme. Leta msumeno."

Wakalikata wao wenyewe, wanawake watatu wakipokezana, mpaka likawa vipande.

Jua lilikuwa bado halijazama, upande mwingine wa mji, mwenye karakana aliposikia hodi. Alikuwa amejifungia kwa makomeo mawili, kama desturi yake. Akachungulia dirishani, akamwona Nafuu amesimama kizingitini, peke yake, ananuka unywele ulioungua.

"Karibu, rafiki yangu," akasema, na akaanza kufungua.