Mkeka wa Dirishani kwa Zipora

Saa sita mchana, jua likiwa limesimama juu ya Njombe kama askari wa boma, Zipora alisikia watu wawili wakikoroma chumbani mwake.

Alikuwa anamenya viazi. Akasimamisha kisu, akasikiliza. Mkoromo wa kwanza aliujua vizuri, maana alikuwa ameolewa nao miaka kumi na mmoja: mzito, wenye kituo katikati, kama lori linalobadilisha gia mlimani. Wa pili ulikuwa mwembamba, wenye majimaji ndani yake, na ulingoja wa kwanza umalize ndipo nao uanze, kwa adabu, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Mumewe, Hezekia, alikuwa amelala peke yake.

Zipora akaenda akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Chumba kilikuwa giza tupu, giza zuri, giza la kujivunia. Mwanga wa mlangoni ulimwonyesha mtu mmoja tu kitandani, na mkoromo mmoja. Ila kitanda kilikuwa kipana, na Hezekia alikuwa amebanwa ukutani kama mtu aliyeambiwa asogee.

Sasa, giza lile lilikuwa na historia yake.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ile kiwanda cha magome ya miti ya miwati kilipoanza kuwasha matanuri usiku na mchana, na Hezekia alipata kazi ya kuchochea moto kuanzia jioni mpaka alfajiri. Usingizi wake ulikuwa wa mchana. Lakini siku alipopokea mshahara wake wa kwanza alikuwa ameona dirisha la vioo kwa Mzungu, naye akaapa atakuwa nalo. Akalipata: vioo vinne, likitazama mashariki. Majirani walikuja kulishangaa. Jua pia lilikuja, kila asubuhi, likakaa juu ya uso wake.

Zipora akaanza kutafuta pazia. Kwanza akatundika gunia. Mwanga ukapita kwenye matundu, Hezekia akalala na madoa kama chui. Akabandika magazeti, Hezekia akakesha mchana kutwa akiyasoma, na habari za bei ya kahawa zikamtia wasiwasi ingawa hakuwa na mbuni hata mmoja. Akatundika blanketi, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Juni, mwezi ambao hapo umande hugeuka mawe, dirisha likapata joto na Hezekia akapata kikohozi.

Haikuwa mchezo. Nyapara wake, Manase, alikwisha kumkuta amesinzia mbele ya mdomo wa tanuri, koleo mkononi, kichwa kikiinamia moto. Alimvuta ukosi wa shati na kumwambia kwa upole uliotisha kuliko kelele kwamba safari nyingine huenda asiwepo wa kumvuta.

Ndipo Zipora alipopanda lori mpaka Makambako, na pale njia panda, kwa mwuza vitenga mmoja aitwaye Kasimiri, mtu wa Iwawa kule Makete, akaona mkeka wa mianzi. Ulikuwa umesukwa kwa mikono ya fundi, umebanwa hata sindano ingeomba njia. Akaunyanyua juu ya kichwa akatazama jua. Hakuliona. Kasimiri alimwuzia upesi mno, bila kupatana bei, na mwanamke mwenye akili hapo ndipo angeshtuka. Zipora alifurahi.

Siku ya tatu tangu utundikwe ndiyo siku ya mikoromo miwili. Tangu hapo mambo yakaongezeka. Chumba kikaanza kunuka majani mabichi yaliyokanyagwa, na jasho la homa. Hezekia alilala kwa muda wa saa tisa kamili akaamka amechoka kuliko alivyolala, macho mekundu, kana kwamba yeye ndiye aliyelala na mwingine ndiye aliyepumzika.

Wakamwita mwinjilisti Efraimu. Efraimu alikuwa jasiri, alikwisha kuwakemea walevi wa ulanzi wakiwa wengi. Akasimama kati ya mume na mke, wakafumba macho, akaomba sala ndefu. Kisha akasema amina. Zikasikika amina nne, nao walikuwa watatu.

Efraimu akafumbua macho. Akasema ule mkeka unanuka vibaya, uondolewe dirishani, na akakumbuka kwamba ana mgonjwa kijiji cha Kifanya anayemngoja.

Zipora akatii. Akaukunja mkeka, akatundika kaniki nyeusi iliyokunjwa mara mbili. Lakini mkeka mzima, mzuri vile, atupe? Mwinjilisti alisema utoke dirishani, hakusema utoke nyumbani. Akautandika kitandani chini ya godoro la manyasi. Na kwa kuwa kaniki ilikuwa inapepea, alichomoa ufito mmoja wa pembeni mwa mkeka ule, akaushonea kwenye pindo la chini ili pazia lipate uzito. Akasimama akalitazama pazia lake, mikono kiunoni. Hata jini, alijiambia, lazima likubali kwamba hapa pana mwanamke.

Likakubali. Mchana uliofuata mkoromo ule mwembamba haukungoja zamu tena.

Shangazi yake Hezekia, Kristina, alikuja wiki ile kuwaletea maharage. Alipoingia chumbani alinusa, akainua godoro, akarudisha, akatoka nje, akakaa kwenye jiwe.

"Mkeka ule umembeba mtu," alisema. "Kaone kingo zake zilivyokatika. Hapo zilipita fito za machela."

Akawaeleza kwa sauti ya chini. Kwao wazee, mgonjwa akifia njiani juu ya machela, wabebaji huukata mkeka katikati palepale na kumwambia marehemu: tumefika, shuka. Usipokatwa hajui kwamba safari imekwisha. Huufuata mkeka, anatikiswa tu, anatafuta pa kulala. Na usingizi wa maiti haumtoshi, anataka wa mtu aliye hai. Kwa nini kwenu, mwanangu? Kwa sababu mmemwekea giza mchana. Wenzenu hulala usiku, na usiku una wenyewe wasiompisha.

Ushauri wake ulikuwa wahame, miezi mitatu, nyumba ikae wazi.

"Ahame huyo mgeni," Zipora alisema. "Ukuta huu nimeukandika mimi. Yeye hakuleta hata tope."

Kesho yake alfajiri alikuwa Makambako. Alimsalimu Kasimiri vizuri kwa kamwene, salamu ya wenyeji, akakaa juu ya kitenga kikubwa kuliko vyote, na kila mteja aliyekuja, yeye alimwambia kwa heshima kwamba vitu vya hapa ni imara sana, mimi nilinunua mkeka nikapewa pamoja na mwenyewe aliye ndani yake. Kufikia saa nne Kasimiri hakuwa ameuza hata ungo. Akamwomba wazungumze nyuma.

Mkeka, alikiri, ulikuwa wa shemeji yake, Linus, aliyekuwa fundi wa kusuka. Alishikwa na homa Iwawa. Wakambeba wanne kumpeleka hospitali Bulongwa, juu ya mkeka aliousuka kwa mikono yake, na njia nzima alikuwa anauliza kama wamefika. Akakata roho kabla. Wabebaji wengine walitaka kuukata. Kasimiri aliona haya kuharibu kazi nzuri.

"Haya hayo utayaona leo," Zipora alisema. "Panda lori."

Walifika saa nane. Hezekia aliwekwa jikoni, kwenye mwanga, na shangazi Kristina wa kumlinda asisinzie. Kasimiri alipewa mundu. Mlangoni mwa chumba akasimama. Alikumbatia mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, hakuuachia. Basi Zipora akamwambia abaki papo hapo kizingitini na mdomo wake uwe tayari, akauchukua mundu, akaingia peke yake, akafunga pazia vizuri kwa sababu hakutaka mgeni aseme alipokelewa ovyo, akalala kitandani.

Mwanzo hapakuja mtu. Alisikia kuku nje, alisikia Kasimiri akisali rozari kwa meno. Kisha godoro likazama upande wa pili, polepole, kama linavyozama mtu mgonjwa anapowekwa na watu wanne wasiotaka kumwumiza, na baridi ikapanda kutoka kule lilikozama, ikapita kwenye kiwiko chake, ikapita shingoni, na ile harufu ya majani yaliyokanyagwa ikamjia puani ikiwa na pumzi ndani yake, pumzi fupi ya mtu mwenye homa, karibu kiasi kwamba nywele za sikio lake zilipepea, mpaka kitu kikashika pindo la blanketi na kuanza kulivuta, kidogo kidogo, kwa adabu.

Hapo akili ikamrudia Zipora. Blanketi lile lilikuwa moja tu nyumbani. Akalivuta lirudi.

"Tumefika?" sauti ikauliza. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

"Umefika," Zipora akasema, akilikaza blanketi. "Shemeji yako yuko mlangoni. Sema, Kasimiri."

"Tumefika, Linus," Kasimiri akasema akilia. "Nisamehe, shemeji. Shuka."

Zipora akaruka chini, akauchomoa mkeka chini ya godoro, akatia mundu katikati yake. Mianzi ikalia kama mifupa. Akakata mpaka mwisho, akamsukumia Kasimiri vipande viwili kizingitini, naye akavikumbatia bila kujua anachokumbatia.

Godoro halikuinuka. Uzito ulikuwa bado papo hapo.

"Bado mmenishika," sauti ikasema.

Zipora akapapasa gizani. Godoro, hamna. Chini ya kitanda, hamna. Akageuka dirishani, na pale mkono wake ulipogusa pindo la kaniki, aliukuta ufito, ule ufito mmoja, umeshonwa kwa mishono yake mwenyewe iliyonyooka. Akajicheka, kicheko kibaya kidogo, akapasua pindo kwa meno, akautoa, akauvunja gotini.

"Shuka, Linus. Hapa si Bulongwa, wala si kwenu. Hapa ni kwa Zipora, na mwenye usingizi wake anautaka."

Godoro likapanda. Lilipanda taratibu, kama mtu anayeaga kwa kuchelewa, na kitu baridi kikampita miguuni kuelekea mlangoni. Kasimiri akaketi chini ghafla. Alisema baadaye kwamba alikanyagwa, na kwamba alistahili.

Vipande vilizikwa ng'ambo mbili za njia ya kwenda Makete, na Kasimiri ndiye aliyechimba. Hezekia alilala siku mbili mfululizo kwenye giza la kaniki. Manase alikuja kumchungulia, akasikiliza lori lile likipanda mlima na kubadilisha gia, akaondoka akinyata. Mkoromo mmoja. Zipora aliuhesabu mara tatu akiwa na kisu na viazi. Mmoja.

Lakini kaniki ilihitaji uzito chini, na ufito wowote wa mwanzi haukumpendeza tena. Akashonea mundu wenyewe kwenye pindo, mpini upande huu na makali upande ule. Ndio unaoning'inia pale mpaka leo.

Kila mwaka ufikapo Juni, na baridi imekaza, hata pasipo upepo, pazia husogea mchana na mundu hugonga ukuta mara tatu, polepole, kama mgonjwa wa njiani anayeomba malazi. Hezekia haamki. Zipora naye hainui kichwa kutoka kwenye viazi vyake.

"Pamejaa," humwambia huyo mgeni.