Karatasi ya Assurance ya Nyumba ya Karavia

— Allô, assurance? Niko Mama Laurentine, mwenye nyumba ku Karavia. Lokatere wangu, mupangaji, anabisha, anasema assurance ni kazi ya mwenye nyumba tu. Yeye analazimishwa ao hapana?

Syntiche, karani wa assurance, alizoea ile swali. Akamueleza polepole: kuta na mabati, mwenye nyumba njo anayaassurer, lokatere anaassurer bintu byake, na moto atakaowasha kwa uzembe. Lakini kama contrat ya kupanga imeandika lazima, basi kwake ni lazima.

— Imeandika, na aliweka signature.

— Basi hana pa kutorokea, mama. Jina yake?

— Guelord Chola. Kijana wa adabu, yeye na bibi yake mupya.

Bic ya kuandikia ikasimama. Guelord Chola alikuwa muchumba wa Syntiche mwenyewe tangu miaka tatu. Alimwambia angali analala kwa kaka yake, nyumba bado inatafutwa, na bintu byote Syntiche alinunua juu ya ndoa yao biko kule, binachungwa muzuri.

Hakulia. Alipaka rouge ku midomo, akabeba fomu ya kuhesabia bintu bya ndani. Kazi yao iko vile: hakuna karatasi bila kuona kwa macho.

Ku Karavia, bibi mupya, Léa, njo alifungua mulango, akamukaribisha ku fotei na maji baridi. Guelord akatoka mu chumba na singlet, akaganda kama samaki thomson ya mu chambre froide.

— Bonjour, client. Tuanze na televizyo. Facture ya kununua iko kwa jina la nani?

— Syntiche, tuongee kando…

— Ku kazi naitwa madame. Facture.

Facture alikuwa nayo Syntiche mwenyewe, mu telefone yake. Akasoma kwa sauti: televizyo, frigo, matela, sufuria kumi na mbili. Zote, Syntiche Mwansa.

Léa akauliza kwa sauti ndogo:

— Na hii fotei nimekalia?

— Yangu, dada. Lakini kaa, malizia maji yako.

Léa hakumalizia. Alifunga sakoshi yake, akaenda kwa mama yake bila kuangalia nyuma. Saa kumi, camionnette ya kaka ya Syntiche ikaondoka imejaa bintu byake mpaka juu.

Message ya Guelord ikaingia: "Chérie, nisamehe. Mama Laurentine anasema nilete attestation ya assurance ao nitoke. Nisaidie."

Akajibu: "Client, fomu nimejaza. Bintu bya ndani: hakuna. Mutu wa kukuombea: hakuna. Moto ukiingia mule, moto wenyewe utatoka na njaa."