Mkono Ulioogopa Kuegemea

Kila asubuhi Wachuka alikoroga uji, na mume wake Naftaly akatafuta kofia yake. Mara nyingi kofia ilikuwa kichwani. Mwaka huo wa 1958 mawazo yalikuwa mengi, na kofia ilikuwa ya mwisho kukumbukwa.

Waliishi chumba kimoja katika landi za Nakuru, zile nyumba za safu za wafanyakazi, pamoja na binti yao Nyakio. Naftaly alikuwa mtu mzima. Alilima miaka kumi na minne kwa mzungu upande wa Gilgil, kisha akapata kazi katika karakana ya Amarjit Singh, fundi mwenye ndevu nyeupe na maneno machache.

Siku hizo za hali ya hatari kila Mkikuyu alitembea na pasibuku, kitabu cha kibali cha kazi. Kama tajiri aliyemwajiri hakuitia sahihi, mwenyewe alipakiwa lori akapelekwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu. Huko Naftaly hakuwa na shamba wala ndugu. Na Nyakio ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule.

Mwezi huo Amarjit alileta mashine mpya ya kuchomelea alminiamu. Tochi yake ilikuwa ndogo, kama kalamu nene. Ncha yake ni sindano isiyoyeyuka, na gesi hutoka kuizunguka ili hewa isiharibu kazi. Mkono mmoja hushika tochi, wa pili huchovya waya wa kujazia ufa. Kiwanda cha maziwa kiliahidi kuleta mikebe yake yote iliyopasuka, ikiwa mitatu ya kwanza itarudi Ijumaa bila kuvuja. Amarjit hakuficha neno. Mikebe ikivuja, hatakuwa na kazi ya kumpa Naftaly, wala pasibuku ya kutia sahihi.

Naftaly alianza na vipande vya kutupa. Alisimama wima, viwiko hewani, kama askari anayemngoja gavana. Sindano ilitetemeka. Ilipokaribia mno, ilizama katika alminiamu iliyoyeyuka ikachafuka, ikabidi inolewe upya. Ilipokuwa mbali mno, moto ulitawanyika ukatoboa shimo la kupitisha panya mwenye mimba. Kufikia Jumatano, sindano ilikuwa imenolewa mara ishirini na moja.

Amarjit akamwonyesha. Alivaa glavu, akakaa kwenye stuli, akalaza kiwiko mezani, kidole cha mwisho kikiteleza juu ya chuma. Alieleza kwamba nafasi kati ya sindano na kazi iwe kama unene wa senti kumi. Tochi ilale kidogo tu, iende polepole, isiyumbe. Na kwanza mkono upite njia yote bila moto, ujue unakokwenda.

Naftaly akakaa, akaegemea. Haukupita muda, mgongo ulinyooka wenyewe na kiwiko kikapaa.

Amarjit akavua kioo usoni. "Naftaly, nani alikukataza kuegemea?"

Naftaly aliweka tochi mezani. Kisha akasimulia juu ya nyapara wa shambani na kiboko chake. Ukiegemea jembe, hata kufuta jasho, ulichapwa. Mwaka wa kwanza alichapwa mara nne. Mwaka wa pili hakuchapwa hata mara moja.

Amarjit hakucheka. Alimwambia aende nyumbani mapema.

Wachuka alikuwa uani, akimnyoa Nyakio kwa wembe. Alikaa kwenye kigoda, kiwiko juu ya goti, kidole cha mwisho kimelala juu ya kichwa cha mtoto. Nyakio alicheka, kichwa kikasogea. Mkono ukasogea pamoja nacho, na wembe haukumkwaruza. Naftaly akasimama akitazama. Mwishowe akauliza kwa nini hainui mkono.

"Mkono ukiwa hewani utajua aje kichwa kimesogea?" Wachuka alimjibu.

Naftaly akaomba wembe ajaribu. Wachuka akamtazama yeye, akamtazama mtoto, akampa kijiti cha kiberiti.

Jioni hiyo Naftaly alipitisha kijiti juu ya kipara cha binti yake, mstari baada ya mstari, kidole kikiwa chini, pumzi ikiwa tulivu. Kila mgongo wake uliponyooka, Wachuka alimbonyeza bega.

"Hapa hakuna nyapara, baba Nyakio. Niko mimi tu, na leo sina kiboko."

Jua lilipotua, mtoto alikuwa amelala usingizi mikononi mwao.

Alhamisi Naftaly alipitisha mkono bila moto mpaka chai ya saa nne. Halafu akawasha. Sindano ilizama mara mbili, kisha haikuzama tena. Ijumaa akaichomelea mikebe mitatu, amekaa, ameegemea. Mshono ulilala sawa, kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka.

Amarjit aliijaza maji, akaiweka juu ya gazeti kavu, wakanywa chai bila kusema lolote. Kisha akaiinua mikebe mmoja mmoja. Akalipapasa gazeti, ukurasa kwa ukurasa. Halafu akalikunjua, akalisoma.

"Lete pasibuku," alisema. Akatia sahihi, kiwiko chake mezani.

Jumapili, jua likiwa juu, Wachuka alimkuta mume wake ameegemea mwimo wa mlango. Tangu waoane hakuwa amewahi kumwona hivyo. Akauliza kama ni mgonjwa.

"Hapana," Naftaly alisema. "Naegemea tu."

Wachuka akamletea chai pale pale. Naftaly hakunyoosha mgongo mpaka ilipokwisha.