Binti wa Kwamboka na Kifungu cha Tisa

Ukitaka kuwaona watu wa Doha wote kwa mpigo mmoja, nenda mtaa wa Al Sadd Ijumaa jioni. Ndiyo siku ya mapumziko, na kila aliyefungwa na kazi wiki nzima hujitokeza kunyoosha miguu. Nyaboke alikuwa ametoka kanisani, maana huko hata ibada ni Ijumaa, gauni lake la kitenge cha manjano limemkaa sawasawa, amepanga foleni ya karak, chai nzito ya maziwa na iliki, huku akijipepea kwa mkono. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati la samawati limenyooka kwa pasi, masikio kayaziba kwa vipokea sauti vya simu. Mtu akampita kwa kumsukuma, waya ukachomoka, na simu ikapayuka mbele ya halaiki:

"Mheshimiwa mwenyekiti, hawa akina mama wa soko tukiwafukuza, watakwenda wapi?"

Wahindi wakageuka, Wafilipino wakageuka. Nyaboke akashika kifua.

"Ngoja! Huyo si MCA wetu, mjumbe wa kwetu kwenye bunge la kaunti?"

"Unamjua?" kijana akauliza, akipapasa simu aipunguze sauti.

"Wakati wa kampeni alicheza ngoma na mama yangu sokoni, akamkanyaga kidole. Hiyo sauti siwezi kuisahau. Unamsikilizia nini mpaka huku?"

"Ni Kamati ya Biashara ya bunge letu la kaunti. Redio ya nyumbani hurusha vikao kwenye mtandao. Mimi husikiliza, halafu kila Ijumaa nawafupishia watu wetu wa hapa kwa WhatsApp."

"Aki wewe! Watu huja Doha kusahau wanasiasa."

"Watu huja Doha kufanya kazi, dada yangu. Kusahau ni kazi nyingine, na hiyo sijaajiriwa."

Nyaboke alicheka mpaka akapoteza nafasi yake kwenye foleni. Kijana akamnunulia chai. Akajitaja kuwa ni Fabian, fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya ujenzi huko Lusail, ambako mwaka ule wa 2016 kulikuwa na kreni nyingi kuliko watu. Nyaboke naye akamwambia kwamba ni muuguzi wa kliniki moja hapo hapo Al Sadd, na kwamba anaishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud na rafiki yake Scovia, Mganda wa mapokezi ya hoteli. Namba zikabadilishana mikono kabla chai haijapoa.

Basi Nyaboke akaingizwa kwenye kundi, na Ijumaa zake zikabadilika. Fabian hakusoma habari, aliziigiza. MCA mwenye kigugumizi alipewa kigugumizi chake, mwenye kukohoa alikohoa, na kila upande ulipewa haki yake, hata wale waliosema upuuzi. Mtu mmoja tu hakutajwa jina kamwe. Huyo aliitwa "mwenyekiti" tu, na akifikiwa, sauti ya Fabian ilishuka. Nyaboke aliligundua hilo, akalipuuza. Mapenzi yakianza huwa na macho, ila hayana muda.

"Muuguzi wangu, umekula?" Fabian angepiga simu mchana.

"Nimekula. Kamati imesemaje?"

"Yaani mimi ni redio yako?"

"Wewe ni redio na ni roho yangu. Anza na redio."

Alikuwa na sababu ya kuulizia. Mswada wa Masoko uliokuwa mbele ya kamati ulikuwa na kifungu cha tisa: mwenye kibanda akikaa nje ya kaunti miezi sita, kibanda kinarudi serikalini. Kibanda ambacho Kwamboka, mama yake Nyaboke, alikuwa akiuzia ndizi na mboga kilikuwa na jina la Nyaboke, kwa sababu siku ya kugawa vibanda mama alikuwa amelazwa hospitalini na binti ndiye aliyejiandikisha. Nusu ya watu wa kundi lile walikuwa na hadithi kama hiyo: jina la mtoto, jasho la mama. Kifungu kikipita, Kwamboka angefukuzwa mahali alipowasomeshea watoto wake wote.

Jumapili moja Nyaboke akamwambia Fabian, "Mama na wenzake watajaa kwenye ukumbi wa soko siku kamati itakapokuja kusikiliza wananchi. Wataimba mpaka waheshimiwa waombe maji."

Jumanne ikatangazwa kwamba kikao kimehamishwa. Hakitafanyika sokoni tena, bali makao makuu ya kaunti, mwendo mrefu kutoka hapo.

Jioni hiyo Nyaboke alikutana na Fabian kwenye mkahawa wa mandi, wali wa nyama wa Kiarabu, karibu na kwake. Nyaboke alikuja amekunja uso. Kabla hajafungua kinywa, simu ya Fabian ikaita juu ya meza, na kwenye kioo ikatokea picha ya mzee mwenye kofia ya manyoya. Chini yake pameandikwa "Baba". Nyaboke aliijua kofia ile. Alikuwa ameiona mara nyingi kwenye ukurasa wa bunge la kaunti.

"Baba yako ni Dominiko? Mwenyekiti wa kamati?"

"Ni baba mdogo," Fabian akasema taratibu. "Baba mzazi alifariki nikiwa darasa la pili. Huyu ndiye aliyenilea, kwa hiyo ni baba."

"Na hukuona la kuniambia?"

"Ningekuambia nini, Nyaboke? Kwamba anayetaka kufunga kibanda cha mama yako ndiye atakayekuja kukuposa?"

Moyo wa Nyaboke uliruka kwa neno hilo la mwisho, na hasira ikaukamata ukiwa bado hewani.

"Nilikuambia mpango wa mama Jumapili. Leo kikao kimehamishwa. Nani alimwambia?"

"Si mimi."

"Basi ni malaika."

"Kwetu mtoto hamtaji baba yake kwa jina, seuze kumpinga hadharani. Wewe pia ni wa kule, unalijua hilo."

"Nalijua. Ndiyo maana sitakusumbua uchague." Akachukua mkoba, akaondoka, wali wake haujaguswa.

Ijumaa hiyo kundi lilikaa kimya, hakuna aliyefupishiwa lolote. Nyaboke akampigia mama yake, kwa uchungu wote aliokuwa nao.

"Mama, kuna mtu alitoa siri yenu."

"Siri gani?"

"Ya kwenda kuimba kwenye kikao!"

Kwamboka akacheka. "Kwani ilikuwa siri? Niliazima kipaza sauti cha muuza dawa ya panya, nikatangaza soko zima. Hata mwenyekiti mwenyewe nafikiri alinisikia kwa masikio yake. Na hata wahamishe kikao mwezini, tutapanda lori la ndizi, tutafika."

Nyaboke alikaa kitandani, simu mkononi. Scovia, aliyekuwa akijipaka rangi ya kucha, hakumwonea huruma.

"Nyabo, umemfunga mtu bila kesi. Mpigie."

"Naona haya."

"Haya haioleki na haioi. Piga simu!"

Hakupiga. Alirekodi ujumbe wa kuomba radhi akaufuta, akarekodi mwingine akaufuta. Kiburi cha kwao ni kirefu, na Nyaboke alikuwa amerithi sehemu yake bila kupunjwa.

Siku ya kikao ikafika. Wakati wa mapumziko alijifungia kwenye chumba cha chai cha wauguzi, akafungua redio ya nyumbani kwenye simu. Ukumbi ulikuwa ukivuma kama mzinga. Akina mama walikuwa wamefika na lori lao. Kisha karani akaita jina, na Nyaboke akasikia sauti iliyomlea.

"Naitwa Kwamboka. Mimi nina maneno machache, lakini kuna kijana Doha aliyeitafuta namba yangu kwa wenzake wa huko, naye anayo mengi. Yuko kwenye simu hii, namweka kwa kipaza sauti."

"Mama, simu hairuhusiwi," karani akasema.

"Mlisema mmekuja kusikia wananchi. Hamkusema kila mwananchi aje na miguu yake."

Ukumbi ukaangua kicheko. Sauti nzito ya mwenyekiti ikakata kelele: "Aongee. Ajitambulishe kwanza."

"Naitwa Fabian," simu ikasema, na Nyaboke akashika ukingo wa meza. "Mwenyekiti ananijua. Ndiye aliyeninunulia viatu vya kwanza vya shule. Baba, nakuomba radhi kwa kusimama mbele yako. Niko huku miaka mitano. Kila likizo nikirudi kwako, nakuta kitanda changu kimetandikwa. Hujasema hata siku moja, 'Fabian hayupo, kitanda apewe mwingine.' Hawa mama wanatunza vibanda vya watoto wao vile vile. Kifungu cha tisa kinamwambia mtoto aliyekwenda kutafuta kwamba nyumbani hana tena mahali. Wewe hukunifundisha hivyo. Nakuomba mkiondoe."

Nyaboke alisikia mzee akivuta pumzi ndefu.

"Karani," mwenyekiti akasema, "andika kwamba aliyezungumza ni mwanangu. Andika vizuri, mwanangu. Kwa sababu hiyo sitapiga kura kwenye kifungu hiki. Makamu, njoo ukalie kiti."

Wajumbe walibishana, wakapiga kura, wakakifuta kifungu cha tisa. Vigelegele vilipasua redio. Nyaboke alilia wazi wazi, akajifuta kwa mkono wa sare yake nyeupe, na muuguzi mwenzake alipogonga mlango kuuliza kulikoni, alimjibu kwa fahari, "Huyo ni mama yangu. Na yule mwingine ni wangu pia, kama bado ananitaka."

Jioni aliporudi Fereej Bin Mahmoud alimkuta Fabian akimsubiri mbele ya jengo analoishi, viatu vimejaa vumbi la Lusail, shati lililokuwa likinyooka siku zote limekunjamana.

"Nilikukosea," Nyaboke akasema kabla ya salamu. "Si wewe uliyesema. Mama mwenyewe ndiye aliyetangaza. Nilijua tangu wiki iliyopita, nikaona haya kukupigia. Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe tangu uliposusa ule wali." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Lakini baba hajanipigia. Sijui kama bado nina baba."

Simu ikaita. Kofia ya manyoya ikajaa kwenye kioo. Nyaboke akamshika Fabian mkono, na sauti wakaifungulia wote wawili.

"Fabian, uko na nani?"

"Na Nyaboke, baba. Binti wa Kwamboka."

"Mpe simu."

"Habari ya jioni, baba," Nyaboke akasema.

"Nzuri, mama. Leo nimepingwa mbele ya kaunti nzima na mtoto niliyemlea. Nimerudi nyumbani, nimeshindwa kula." Mzee akakohoa kidogo. "Nimeshindwa kula kwa kujivuna. Watu wanakuja mpaka sasa kunipa mkono. Sasa niambie, nikija kwa mama yako na wazee wenzangu, atanifungulia mlango?"

"Baba!" Fabian akadakia. "Bado sijamuuliza mwenyewe!"

"Umesimama mbele ya kamati nzima, msichana mmoja anakushinda? Muulize, nasikiliza."

Fabian akamgeukia. Watu walikuwa wakipita na mifuko ya dukani, taa za maduka zikiwaka moja moja, na hakuna aliyewajali.

"Nyaboke, utakubali nikuoe?"

"Unaniuliza mbele ya baba yako?"

"Mbele ya baba yangu. Nimeshazoea."

"Nimekubali," Nyaboke akasema, kwa sauti kubwa, ili mzee wa upande wa pili asikie vizuri.