Fundi Tarumbeta na Kofia Inayobadilika Rangi

Fundi alikuwa mshonaji hodari, na hakuna aliyelijua jambo hilo kuliko yeye mwenyewe. Mtaa mzima ulimwita Tarumbeta. Si kwamba alipiga muziki, la hasha. Ila habari ikiingia dukani kwake asubuhi, mchana wameshaijua wauza mboga, wachonga funguo, na hata wapita njia wasiohusika. Mke wake alizoea kusema, "Duka la mume wangu halihitaji kibao. Kibao ni yeye."

Alikuwa na mtindo wake wa kazi. Mteja akija kuchukua nguo, Fundi hamwonyeshi nje kwanza. Anaigeuza ndani nje, anaipeleka kwenye mwanga wa mlango, kisha anasema:

"Nje kila mtu anaweza kudanganya. Tazama ndani! Haya, niambie, uzi gani unaning'inia hapo?"

Hakukuwa na uzi unaoning'inia. Fundi anacheka mpaka tumbo linatikisika.

Lakini gauni wala koti havikumpa fahari kama kitinda mimba wake. Binti huyo alikuwa chuo kikuu, akisomea utengenezaji wa vifaa vya hospitali. Mteja angekuja kupunguza urefu wa suruali, akaondoka anajua alama za mtihani za binti wa Fundi.

Siku moja binti alikuja nyumbani na kikofia cha mtoto mchanga. Akakiweka juu ya meza ya kukatia.

"Baba, nisaidie. Hapa tumekwama."

"Nani amekwama? Wewe? Haiwezekani. Kaa, sema."

"Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati hupoteza joto upesi sana. Mtoto mdogo hivyo akipoa, anaweza kufa. Na wodini muuguzi mmoja anaangalia watoto wengi. Sasa chuoni tumetengeneza huu utepe. Mtoto akiwa na joto la kutosha, utepe ni wa manjano. Akianza kupoa, unakuwa wa buluu. Mama mwenyewe anaona, anaita muuguzi."

"Mashallah! Sasa mmekwama wapi?"

"Tukiushona nje ya kofia, unapima baridi ya chumba badala ya mtoto. Tukiushona ndani, unamgusa mtoto vizuri, lakini hauonekani."

Fundi alikichukua kikofia. Akakigeuza ndani nje, kama kawaida yake. Akakaa kimya, jambo ambalo lilimshtua mke wake aliyekuwa akipiga pasi pembeni.

"Hapa panataka mfuko wa ndani," alisema mwishowe. "Kama ule wa koti. Mdomo wake uelekee ngozi ya mtoto, utepe ukae humo. Halafu kwa nje tunakata kidirisha, tunaweka plastiki laini inayoonyesha. Na mishono yote tunaikunja isimkwaruze."

Akakata, akashona, akafumua, akashona tena. Binti alikipeleka chuoni, wakakijaribu kwa mwanasesere aliyejazwa maji ya moto. Maji yalipopoa, kidirisha kikawa cha buluu. Binti alipiga simu akipiga kelele, na Fundi naye akapiga kelele, mpaka majirani wakadhani kuna msiba.

Binti alimletea kofia hiyo ili ashone nyingine kwa mfano wake.

"Usiiuze, Baba," alimwambia. "Kazi bado haijakwisha."

"Niiuze mimi? Nina njaa gani?"

Kweli hakuiuza. Kesho yake asubuhi aliitundika mlangoni.

Jirani wa ghorofani, mama mmoja aliyefanya kazi chuoni, alikuwa akiosha nywele. Fundi alimwita kutoka chini ya ngazi kwa sauti yake ileile ya tarumbeta:

"Jirani! Shuka uone! Kofia ya binti yangu nimeitundika, mtaa mzima uione!"

Kisha akarudi dukani. Hapo akamkuta mchuuzi wa nguo za watoto amesimama mlangoni, anaitazama ile kofia.

"Fundi, hiki nacho ni nini?"

"Hicho? Hicho ni akili ya binti yangu! Mtoto akipoa, kofia inageuka buluu."

"Acha masihara. Kofia ijue mtoto amepoa? Inafanyaje? Hebu igeuze tuone ndani."

Lo! Alikuwa amemkuna Fundi palepale panapomuwasha. Fundi aliitungua kofia, akaingiza kidole gumba kwenye pindo. Mchuuzi naye akatoa simu apige picha.

"Usigeuze!"

Jirani alikuwa ameshuka ngazi mbiombio, taulo kichwani, ndara moja mguuni na nyingine mkononi. Akaichukua ile kofia kutoka mikononi mwa Fundi na kuikumbatia kifuani. Mchuuzi aliwatazama, akarudisha simu mfukoni.

"Basi nitarudi mkimaliza ugomvi wenu," alisema, akaenda zake.

Fundi alivimba. "Jirani, umenivunjia heshima mbele ya mteja!"

"Utanitukana baadaye. Kwanza nijibu. Ameona ndani?"

"Hajaona. Si umenivamia kama polisi!"

"Kuna mwingine uliyemwonyesha ndani?"

"Hakuna. Nimeitundika sasa hivi."

"Umemweleza mtu jinsi mlivyoweka utepe?"

"Nimesema tu inageuka buluu mtoto akipoa."

Jirani alishusha pumzi, akaketi kwenye kigoda cha wateja. "Ashukuriwe Mungu. Kusema kitu kinafanya nini ni jambo moja. Kuonyesha kinafanyaje ni jambo jingine. Fundi, unajua kazi yangu pale chuoni?"

"Unakaa ofisini."

"Ofisi yetu inalinda uvumbuzi wa watafiti. Umewahi kusikia neno hataza?"

"Sijawahi."

"Hataza ni haki anayopewa mwenye uvumbuzi mpya. Kwa miaka kadhaa, mtu mwingine haruhusiwi kuutengeneza wala kuuuza bila ruhusa yake."

"Basi tuiombe. Nani amekataa?"

"Sikiliza hapa. Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Mkikionyesha hadharani kabla ya kupeleka maombi, katika nchi nyingi hakihesabiwi tena kuwa kipya. Haki imepotea. Hata kama aliyekionyesha ni mwenyewe."

"Mwenyewe? Kwani mtu anajiibia?"

"Anajiibia, tena kwa mdomo wake."

Fundi alikuna kidevu. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Lakini, Jirani, sisi hatutafuti utajiri. Kila fundi aige, kila mtu ashone, watoto wapone. Ubaya uko wapi?"

"Moyo wako mzuri. Lakini ule utepe utaushona kwa cherehani hii?"

"Hapana. Unatengenezwa maabara."

"Umeona? Kutengeneza tepe nyingi kunataka kiwanda, mashine na vipimo. Hakuna kiwanda kitakachotia fedha zake kama kesho kila mtu anaweza kuiga kofia hiyo. Kofia itabaki kabatini chuoni. Au atatokea mwenye pupa, atie utepe wa ovyo. Mama anaona manjano, kumbe mtoto anapoa. Chuo kikiwa na hataza, chuo ndicho kinachochagua nani atengeneze. Kinaweza pia kutoa masharti. Utepe upimwe. Hospitali za umma ziuziwe kwa bei nafuu."

Fundi aliitazama kofia mikononi mwa Jirani. Ilibaki kidogo tu kazi yote ya mwanawe imwagike pale mlangoni, tena kwa mkono wa baba mzazi. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Leo ulimi wake ulikuwa karibu kuponza kichwa cha mtu mwingine.

Binti alipopigiwa simu, alifika kabla jua halijawa kali. Alikuwa anahema.

"Baba! Nilikwambiaje?"

"Uliniambia nisiuze. Sikuuza. Nimetundika tu."

"Baba!"

"Mwanangu, nisamehe. Furaha ilinizidi."

Jirani aliingilia kati. "Usimkaripie sana baba yako. Hebu niambie, maonyesho ya chuo ni wiki ijayo. Wewe unapeleka nini?"

"Napeleka..." Binti alisita. "Napeleka kofia. Nimeshachora bango. Lina picha ya nje na ya ndani."

"Na maombi ya hataza umepeleka lini?"

Binti alishika mdomo. Mama yake, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, akaweka pasi chini, akawatazama mtu na baba yake.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema.

Hapo binti akashindwa kujizuia, akacheka, na Fundi akacheka, ingawa macho yake yalikuwa na machozi.

Kesho yake Fundi alivaa koti lake la harusi, akafuatana na binti hadi chuoni. Hakuwahi kuingia ndani ya jengo lile. Walipita maabara moja baada ya nyingine. Kwenye dirisha la kwanza alimwona kijana akirekebisha goti la mguu wa bandia, analikunja na kulikunjua. Kwenye la pili aliona kifaa kidogo cha kupima damu, na wanafunzi wamekiinamia kama wapishi juu ya chungu.

"Vyote hivi wanavitengeneza wenyewe? Watoto wetu hawa?" aliuliza.

"Wenyewe, Baba. Na vingi vinaanza hivihivi, na shida ya mtu mmoja."

Fundi alitembea kifua mbele. Alitamani ukumbi ule uwe mrefu zaidi.

Ofisini, Jirani alikuwa mtu mwingine kabisa. Taulo hakuna, miwani puani, kalamu mkononi.

"Utepe aliubuni nani?" aliuliza.

"Mimi na mwalimu wangu," binti alijibu.

"Na mfuko wa ndani na kidirisha?"

"Baba."

"Aa, mimi nilishona tu," Fundi alisema.

Jirani aliinua macho. "Fundi, nani alikuelekeza ushone mfuko?"

"Hakuna. Niliona tu kwamba utepe unataka kumgusa mtoto, na macho ya mama yanataka kuuona utepe. Kwa hiyo nikawaza mfuko."

"Ungeshona ulichoelekezwa, ungekuwa mshonaji. Lakini ulilitafutia tatizo jibu ambalo wenzako hawakuwa nalo. Wewe ni mvumbuzi mwenza. Chuo kitaimiliki hataza kwa kanuni zake, lakini wavumbuzi wote lazima watajwe. Tukikuacha, maombi yenyewe yatakuwa na kasoro."

"Mimi? Niliyeishia shule ya msingi?"

"Hataza haiulizi cheti."

Fundi alimgeukia binti yake. Binti alikuwa anatabasamu, maana tangu nyumbani alikuwa ameshaamua kwamba baba yake lazima atajwe. Mzee wa watu aliandika jina lake chini ya majina ya binti na mwalimu polepole, herufi moja moja, kama anayetarizi.

"Sasa," Jirani alisema, "mpaka nikupigie simu, ndani ya kofia hapaonyeshwi wala hapasimuliwi."

"Naweza kusema mimi ni mvumbuzi?"

"Hilo sema."

Jamani, alisema! Wateja walikoma. "Mimi ni mvumbuzi," anatangaza huku akipima kiuno cha mtu. Akiulizwa wa nini, anafunga mdomo kwa vidole viwili na kujibu, "Mambo ya chuo kikuu hayo." Mchuuzi wa nguo za watoto alirudi mara kadhaa na simu yake, akaambulia maneno hayohayo. Mtaa ukaanza kunong'ona kwamba Tarumbeta ameshikwa na homa. Ilimuuma. Usiri ulimkaa kama kiatu kinachobana, lakini alivumilia kwa ajili ya mwanawe.

Jirani alipopiga simu kusema maombi yamepokelewa, binti alilitundika bango lake kwenye maonyesho, nje na ndani, bila wasiwasi. Daktari mkuu wa watoto alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Baadaye chuo kilipata kibali cha kuijaribu kofia wodini. Kila mama aliulizwa kwanza kama anakubali, na aliyekataa hakulazimishwa.

Fundi alialikwa kwenda kuona. Wodi ilikuwa safi, yenye vitanda vilivyopangwa karibu karibu. Kwenye kitanda cha dirishani alikaa mama kijana, na kando yake mtoto mdogo kiasi kwamba Fundi aliogopa kumtazama kwa nguvu. Kichwani mtoto alivaa ile kofia.

"Sista!" mama yule aliita ghafla. "Sista, imekuwa buluu!"

Muuguzi alifika mara moja. Alimpima mtoto kwa kipimajoto, kisha akamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili na kufunga dirisha.

"Umefanya vizuri kuita," alimwambia. "Kofia haimpi mtoto joto la kutosha. Kazi yake ni kukuonya. Joto lenyewe ni wewe."

Wakasubiri. Binti aliushika mkono wa baba yake. Fundi alikikodolea macho kile kidirisha alichokikata kwa mkasi wake mwenyewe, midomo ikimcheza kwa dua. Buluu ikafifia. Pembeni pakatokea manjano, yakaenea polepole, mpaka kidirisha chote kikawa na rangi ya jua la asubuhi. Muuguzi akapima tena, akaitikia kwa kichwa.

Mama kijana alikuwa akilia na kucheka. "Nani ametengeneza hii kofia? Mungu ambariki."

Binti alimsukuma baba yake mbele.

"Mimi!" Fundi alinguruma. "Mimi na huyu binti yangu! Na mwalimu wake! Utepe ni wao, mfuko ni wangu!"

"Shh! Mzee, watoto wamelala," muuguzi alimkemea.

Fundi akashusha sauti. Kunyamaza, hakunyamaza.